Usuhuba wa wanaume na kuwindwa kwa Wayahudi nchini Italia, 1943–1945

Swali
Ninasoma historia ya Italia baada ya Septemba 1943, Wajerumani walipoikalia nchi na kumrudisha Mussolini, kiongozi wa chama cha Kifashisti, madarakani kaskazini. Kinachonisumbua ni Waitaliano waliowawinda Wayahudi wa miji yao wenyewe. Mara nyingi hutajwa chuki, woga na tamaa ya fedha. Je, usuhuba wa wanaume walioshibana tangu ujanani haukuchangia?

Jibu la kwanza
Ulichangia sana, na mizizi yake ni ya kabla ya 1943. Vikosi vya Mashati Meusi, wanamgambo wa Kifashisti, vya 1920 hadi 1922 vilikuwa vya vijana waliotoka vitani pamoja na wanafunzi. Walijipa majina kama La Disperata, kikosi cha Firenze, wakapanda malori usiku kwenda kuchoma ofisi za vyama vya wafanyakazi. Waliompiga mtu pamoja waliunganishwa na hatia moja, na muungano huo haukulegea kirahisi. Mwaka 1943 watu wa namna hiyo waliitana tena. Mario Carità, mwanachama wa tangu enzi za vikosi, aliunda genge lake Firenze. Pietro Koch alipitia humo, kisha akaenda Roma kuunda la kwake. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Februari 1944, watu wa Koch na polisi wa Roma walivamia Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, wakawakamata waliojificha humo, wakiwemo Wayahudi.

Jibu la pili
Ndugu, nakubaliana nawe, ila tusiisahau dola. Wayahudi walihesabiwa nyumba kwa nyumba Agosti 1938, na amri namba 5 ya serikali ya Mussolini, ya tarehe 30 Novemba 1943, iliwaagiza polisi wa kawaida wawakamate wote. Askari aliyebisha hodi akiwa na orodha mkononi hakuhitaji sahibu wa kumtia moyo.

Jibu la tatu
Orodha ilionyesha anwani tu. Aliyekwisha kuhama alipatikana kwa mdomo wa mtu aliyemfahamu, na hapo ndipo watu waliozoeana, wakiaminiana na kupashana habari, walipofanya kazi ambayo karani asingeiweza.

Naona pia tumeruka jambo zito: Wayahudi wenyewe walikuwamo katika usuhuba huo. Ettore Ovazza, mwenye benki wa Torino, alishiriki Matembezi ya Roma ya 1922, yaliyomwingiza Mussolini madarakani, na akakitumikia chama cha Kifashisti kwa moyo wote. Sheria za ubaguzi za 1938 zilipotoka, alifukuzwa chamani, lakini bado aliamini kwamba utumishi wake ungekumbukwa. Oktoba 1943 askari wa SS, jeshi la chama cha Wanazi wa Ujerumani, walimuua pamoja na mkewe na watoto wao karibu na Ziwa Maggiore. Kwa hiyo, tunapouliza usuhuba ule uliwafunga kina nani, tuulize vilevile uliwatupa kina nani, na ni wangapi kati ya wenzao wa zamani waliothubutu kupinga.