Darasa la saba, digrii na kabrasha la kikao: nani atuongoze?

Wakuu salaam. Najua hii mada imeshaongelewa sana ila kila uchaguzi ukikaribia inarudi vilevile, kambi moja inataka wasomi tu, kambi nyingine inasema wasomi ndo waliotufikisha hapa tuwape watu waliozoea kazi. Mimi nimeandika mihtasari ya vikao vya baraza la madiwani miaka minane, jina la halmashauri silitaji, acheni niseme nilichokiona.

Kwanza sheria. Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 67 inataka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, basi, kwenye elimu wameishia hapo. Hata urais ukisoma ibara ya 39 utaona kipimo ni kilekile cha ubunge. Sasa kumbukeni 2017, ule uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 wakakutwa na vyeti vya kughushi, sawa, hao sina huruma nao. Lakini kuna na madereva na wahudumu wa darasa la saba waliotolewa kazini bila kughushi chochote, kosa lao hawana kidato cha nne, mpaka 2018 serikali ikaja kusema walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudi. Yaani anayemwendesha mheshimiwa adaiwe cheti, mheshimiwa aliyekaa siti ya nyuma asidaiwe. Hapo sijawahi kuelewa hadi leo.

Haya, kisa chenyewe. Tulikuwa na diwani mmoja darasa la saba, kabla ya siasa alikuwa fundi mwashi. Siku hiyo kwenye kabrasha kuna ujenzi wa madarasa, kila mtu anafungua kurasa anaunga mkono hoja anawaza posho, yule mzee akanyoosha mkono akasema mwenyekiti hapa mmeandika mifuko 140 ya simenti kwa sakafu ya darasa moja, mimi nimemwaga zege tangu nina miaka kumi na tisa, sakafu ya darasa haizidi mifuko sitini, hiyo themanini inaenda kumwagwa wapi? Ukumbi ukanyamaza kimya. Mhandisi ana digrii, mkurugenzi ana digrii ya pili, wote wanaangalia meza. Hoja ikarudishwa kwenye kamati ya fedha ikarudi imepungua. Siku ile niliandika muhtasari huku nacheka.

Miezi kama minne mbele mzee huyohuyo kaletewa sheria ndogo ya ushuru wa mazao, kurasa kumi na kitu, lugha ya kisheria ile ya "bila kuathiri masharti ya kifungu kidogo". Hakusoma. Nilimwona kabisa anafunua kwa heshima tu kama mtu anayefunua msahafu wa dini isiyo yake. Akaunga mkono. Kumbe mle ndani kuna kifungu kinamtoza hata mama anayeleta ndoo mbili za nyanya gulioni, na gulio lenyewe liko kwenye kata yake! Wale kina mama walimfuata nyumbani asubuhi na mapema, na uchaguzi uliofuata hakurudi.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nachagua uzoefu, lakini lazima uniambie uzoefu wa NINI. Mtu ana miaka ishirini ya kuvaa sare ya chama na kushika kipaza sauti, huo nao mnauita uzoefu? Rashidi Kawawa hakuwa na digrii, aliishia shule ya Tabora, ila alipopewa uwaziri mkuu Januari 1962 Mwalimu Nyerere alipong'atuka kwenda kujenga chama, alikuwa ameshaongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ameshakaa meza moja na waajiri wa kikoloni kudai mishahara. Lula wa Brazil fundi chuma, shule aliishia ya msingi na mafunzo ya ufundi, lakini kaongoza migomo ya maelfu ya watu kabla hajawa rais 2003. Hawa hawakutoka kijiweni moja kwa moja Ikulu. Karibuni tuchangie bila matusi.

—

Mkuu umeandika vizuri ila umejijibu mwenyewe bila kujua. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Huyo mzee wako kwenye simenti aliokoa milioni kadhaa, kwenye sheria ndogo kaumiza kata nzima, sasa hesabu ipi kubwa? Kazi ya diwani na mbunge nyingi ni karatasi, bajeti, sheria, ripoti ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali), mikataba. Hakuna mbunge anayemwaga zege. Ukiniambia kidato cha nne kiwe cha chini kabisa mimi naunga mkono leo, wala sijasema digrii. Waganda wameweka kidato cha sita kwa wabunge na mbingu haijaanguka.

—

Madam mbingu haijaanguka ila bunge lao ndo limekuwa bora kuliko letu? Tuanzie hapo.

Wabunge Msukuma wa Geita na Kishimba wa Kahama wote darasa la saba, wakisimama bungeni watu tulikuwa tunaongeza sauti ya redio. Sisemi kila walichosema ni sawa, hapana, vingine vichekesho vitupu. Ila waliongea vitu vya wachimbaji wadogo na wafanyabiashara ambavyo daktari wa falsafa hawezi kuviota maana hajawahi kukimbizana na mtu wa leseni. Halafu maprofesa tumekuwa nao wangapi bungeni, wanaunga mkono hoja asilimia mia moja kama wengine. Digrii haitibu uoga.

—

Mimi niko Nakuru, Kenya, acha niwaambie vile huku kwetu iko. Sheria inasema rais na gavana lazima wawe na digrii. Wabunge na MCA (madiwani wa kaunti) pia walikuwa waletewe hiyo masharti, ikasukumwa mbele mara kadhaa, mwishowe mahakama ikaingilia. Sasa mwajua nini hufanyika, mtu amekaa miaka hana haja na shule, uchaguzi ukikaribia ghafla ana digrii! 2022 kesi za vyeti zilijaa kwa magazeti. Mkiweka cheti kama geti, watu hawataenda shule, wataenda kutafuta cheti. Hizo ni vitu mbili tofauti kabisa.

—

Huyo wa Nakuru kamaliza. Ila jamani mbona hamuongelei pesa? Kura za maoni kwenye vyama vyetu anapita mwenye bahasha, awe msomi awe mwashi. Mnabishania rangi ya kanga wakati duka limefungwa.

—

Mleta mada nimerudi, samahani mtandao ulikuwa unasumbua.

Madam mwalimu, nakuelewa, na kwenye ile sheria ndogo sina pa kukimbilia. Lakini nikuulize, wale madiwani wengine waliokuwa na diploma na digrii kwenye ukumbi uleule, unadhani walisoma? Walikuwepo sita kama sikosei. Hakuna aliyesoma. Kabrasha lilitolewa jioni, kikao saa tatu asubuhi. Kusoma walijua, ila hawakusoma. Na sasa hivi tangu marekebisho ya 2021 sheria zinatakiwa ziandikwe Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kinaisha taratibu, kinachobaki ni uvivu na muda mfupi wa makabrasha. Kidato cha nne hakitakusaidia hapo hata kidogo.

Wa bahasha, kweli tupu, sina la kubisha.

Mimi ningekuwa na uwezo ningeweka kitu kimoja, mgombea aseme amewahi kuendesha nini na vitabu vyake vikaguliwe. Saccos, kamati ya maji, chama cha ushirika, shule, hata kikundi cha wanawake kilichochukua ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri kikarejesha. Nimeona mama mmoja mhazina wa kikundi, la saba huyo, daftari lake la marejesho unaweza kulilamba, kila shilingi ina tarehe. Ofisi yetu yenye wahasibu watatu hatukuwa na daftari kama lile.

—

Ehee, na huyo mama aligombea?

—

Alichukua fomu ya viti maalum. Kura hazikutosha, akarudi kwenye kikundi chake.

—

Bahasha hiyo. Niliwaambia.