Semina za "siri za matajiri wa nyumba wa Marekani": mbona kifungu cha 25 cha mkataba wa nyumba za Levitt, kilichowafungia mlango weusi, hamtusomei?

Wakuu salaam. Nina hasira, na nitaandika hivyo hivyo nikiwa nayo.

Jumamosi nimelipa sh. 50,000 kuingia semina ya uwekezaji wa majengo. Waandaaji siwataji. Picha ya kwanza ukutani: William Levitt, mjenzi wa nyumba wa Marekani, "aliyeanza na shamba la viazi akamaliza na mji". Siri yake tukaambiwa ni nidhamu na kutolalamika. Dada aliyekaa pembeni yangu, muuza mitumba, akaandika kwenye daftari USILAUMU MAZINGIRA, akapiga mstari mara mbili. Damu ikanichemka, maana habari za Levitt nimezisoma miaka.

Sifa anazo, tusimnyime. Mwaka 1947 yeye, baba yake Abraham na mdogo wake Alfred walianza kujenga kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, nje ya New York. Chini ni bamba la zege tu. Mbao zinafika zimeshakatwa kwa kipimo. Fundi hakai na nyumba moja mpaka iishe: wa rangi nyekundu anapaka nyekundu nyumba hadi nyumba, wa nyeupe anamfuata nyuma. Mwaka 1948 walikuwa wanamaliza nyumba 30 na ushee kwa siku, na kufikia 1951 zilikuwa zimepita 17,000.

Sasa nani alizichukua, na kwa hela ipi? Askari waliorudi kutoka vita ya pili ya dunia, kwa mikopo iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani, wengi bila kianzio hata senti moja. Mabenki yalimwaga fedha kwa sababu serikali ndiyo iliyosimama nyuma. Mtoa mada kaongea saa tatu, neno serikali halikumtoka.

Halafu kifungu cha 25. Mwanzoni nyumba zile zilikuwa za kupangisha, na mkataba ulisema zisitumiwe wala kukaliwa na mtu yeyote asiye mzungu. Kikaongeza kwamba watumishi wa ndani wasio wazungu ruksa. Someni tena polepole. Mama mweusi anaweza kufua, kupika na kulea mtoto wa watu mle ndani, ila yeye na mume wake aliyepigana vita ile ile hawawezi kupewa funguo. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema maagano ya namna hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama, kifungu kikafutwa 1949, lakini weusi waliendelea kukataliwa. Levitt mwenyewe alisema anaweza kutatua tatizo la makazi au tatizo la rangi, siyo yote mawili pamoja.

Mwaka 1957, kwenye mji mwingine aliojenga Levitt, Levittown ya Pennsylvania, Bill na Daisy Myers, mtu na mkewe weusi, walinunua nyumba kwa mwenye nayo, siyo kwa Levitt. Bill alikuwa askari wa vita ya pili. Watu mamia wakajaa nje usiku baada ya usiku, mawe yakavunja dirisha. Familia ile haikutoka. Hii nayo ni habari ya nyumba, mbona haiingii kwenye semina?

Fred Trump, mwenye majengo ya New York na baba yake Donald Trump, naye alioneshwa kama mfano wa ubanaji matumizi. Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki kampuni yake 1973 kwa kuwanyima weusi nyumba za kupanga. 1975 wakamalizana kwa makubaliano bila kukiri kosa. Hilo nalo kimya.

Kama mnataka mtu mweusi aliyeanzia chini, yupo Philip Payton wa Harlem, mtaa wa New York. Alikuwa mtunza jengo, akaanzisha Afro-American Realty Company mwaka 1904, akauza hisa kwa dola 10 ili watu wa kawaida wanunue. Kampuni nyingine ilipowafukuza wapangaji weusi West 135th Street, Payton alinunua majengo ya jirani, akawatoa wazungu na kuwaingiza waliofukuzwa. Hakuwa malaika: wanahisa walimshtaki kwa kuwadanganya, na kufikia 1908 kampuni ilikuwa imekufa. Alirudi tena, akafariki 1917 akiwa na miaka 41. Kuanguka kwake kunafundisha biashara ya majengo kuliko picha zote nilizooneshwa.

Nilinyoosha mkono nikauliza habari za kifungu kile. Nikajibiwa "kaka, tuache siasa", ukumbi ukapiga makofi. Yaani kueleza nani aliruhusiwa kupewa nyumba ni siasa, ila kumwambia muuza mitumba kwamba kukosa kwake ni uvivu wake ni elimu ya sh. 50,000!

Mwenye semina, kama umo humu: umetangaza unarudia mada hiyo mwezi ujao. Kiweke kifungu cha 25 ukutani kwa herufi kubwa kama ulivyoweka idadi ya nyumba. Na yule dada wa daftari la bluu, safu ya tatu, njoo PM nikutumie habari za Payton.