MJADALA: Mbegu ya ngano isiyoshika kutu (ugonjwa wa kuvu) kabisa, au inayoshika kidogo?

Mporoto_Juu: Wakuu wa Umalila, Makete na Njombe, salaam. Bwana shamba katuambia bora mbegu inayougua kidogo kuliko ile inayobaki safi. Nani anunue mbegu huku akijua itaugua? Naona ni dharau kwa mkulima.

Kinga_Halisi: Dharau iko wapi, ndugu? Jeni ya Sr31 ilikinga ngano karibu dunia nzima. 98 au 99 hivi ikaibuka Ug99, aina mpya ya kutu ya shina, hapo Uganda, kinga ikapasuka. Jeni moja kubwa ni kufuli moja: kuvu ikipata ufunguo, umelia. Jeni nyingine, Sr2, haizuii, inachelewesha tu. Ichanganye na jeni nyingine ndogo ndogo, vipele vinakuwa vichache na punje inajaa.

Tajiri_Mwanjelwa: Mnakula viazi halafu mnatuletea ya Uganda. Ngano ya chapati za mjini hapa inashuka bandarini. Hiyo yenu chapati yake haivutiki, inakatika kama biskuti.

Binti_Ikuwo: Kaka, usitukane unga wetu. Wewe umeukanda kwa maji baridi na haraka zako.

Kinga_Halisi: Na viazi kakuambia nani ni aibu? Vimekusomesha!

Mwl_Mstaafu: Vijana, taratibu. Ethiopia walipanda mbegu ya ngano ya Digalu eneo kubwa sana kwa sababu ilihimili Ug99. Mwishoni mwa 2013 ikaja kutu ya shina ya ukoo mwingine kabisa, wakulima wa Bale wakavuna mabua. Ukipita kwenye shamba la namna ile suruali inatoka nyekundu.

Mporoto_Juu: Sawa mwalimu, lakini si walime nyingine safi zaidi?

Mwl_Mstaafu: Ndiyo hiyo hiyo Digalu, mwanangu. Ilikuwa safi.

Tunduma_Boy: Mnahangaika na kutu, ugonjwa wa blasti je? Msimu wa mvua wa 2017/18 uliingia Mpika, Zambia, barabara hii hii yetu. Suke linakauka jeupe, bua bado kijani. Unasafiri na mbegu. Kinga inayotegemewa sana ni 2NS, kipande cha kromosomu kilichotoka kwenye nyasi pori. Kufuli moja tena!

Tajiri_Mwanjelwa: Kwa hiyo tuogope mpaka nyasi. Dada wa Ikuwo, maji ya moto kiasi gani?

Binti_Ikuwo: Ya kuvumilika mkononi, na uulaze unga nusu saa. Ukija kununua njoo na mzani, hatutaki lumbesa yenu.

Tajiri_Mwanjelwa: Lumbesa mnajaza wenyewe!

Kinga_Halisi: Nani kajaza? Dalali wenu anashona gunia na kofia juu, bei ya gunia moja. Leo tumalize hili.

Mporoto_Juu: Na mbegu?

Tunduma_Boy: Subiri mkuu, waache wa lumbesa wajibu kwanza.