Ushauri: ndege ya kupuliza kwelea kwelea iligeuka ghafla ikitua kijijini, mwaka huu inarudi

Katibu_Majaruba: Wakuu shikamooni, wadogo mambo. Nipo Magu, kando ya Ziwa Victoria, kikundi cha wakulima wa mpunga. Msimu uliopita kwelea kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, walitushambulia, ikaletwa ndege ya kiti kimoja, ile yenye kigurudumu mkiani. Kupuliza ilipuliza vizuri, kazi ikawa kutua. Ilishuka ikitazama machweo, ikakimbia kidogo, mara pua ikageukia ziwani, bawa la upande wa barabarani likachimba udongo, propela ikapinda. Rubani alitoka mzima, anatetemeka, akaomba maji. Wazee wanasema kuna mkono wa mtu. Sasa tumeambiwa tuandae kiwanja tena. Mimi nilidhani ni kufyeka nyasi tu?

Fundi_Tela: Hakuna mkono wa mtu hapo mkuu. Umeshaona lori linarudi rivasi na tela? Tela likianza kwenda pembeni kidogo tu, linajikunja lenyewe. Ndege hizo uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo pua ikiyumba, mkia unataka kuipita. Rubani akichelewa pedali, imekwisha. Kiwanja kimelalaje?

Katibu_Majaruba: Mashariki-magharibi, sambamba na barabara ya Musoma.

Fundi_Tela: Basi jibu ndilo hilo. Kwenu ziwa liko kaskazini. Mchana hadi jioni upepo unatoka ziwani, ulimpiga ubavu wa kulia ukasukuma mkia. Na kwelea hupulizwa wakirudi kulala, kwa hiyo alitua jua likiwa machoni, na giza la huku haliji polepole. Tafuteni kipande kinachoelekea ziwani. Fukieni mashimo ya kwato, simikeni mti wenye mfuko wa kitambaa aone upepo. Ila wa kusema kiwanja kinafaa ni rubani mwenyewe, sio kikao.

Mng'ombe: Na watoto wa kuzuia ng'ombe muwapange mapema. Ng'ombe wa Kisukuma hajui ratiba.

Dada_Igoma: Niliwahi kujaza dawa kwenye hizo ndege. Ikianguka msikimbilie kama mnaokota senene. Dawa ya kwelea inapenya kwenye ngozi. Mwende mkiwa upande upepo unakotoka, sigara zima, anayemtoa rubani avae glavu na buti. Nguo zikilowa vua hapo hapo, sabuni na maji mengi, kisha hospitali mkiwa na jina la dawa. Na jamani, wale ndege waliopuliziwa msiwakaange, kila mwaka nasema.

Katibu_Majaruba: Wabeja sana. Kuna mzee amevuna dengu, shamba lake linatazama ziwa moja kwa moja. Kesho nabisha hodi.

Fundi_Tela: Dengu? Hiyo si mbuga nyeusi, ule udongo wa mfinyanzi unaonata?

Katibu_Majaruba: Ndiyo, nyeusi tii.

Fundi_Tela: Ikinyesha hapo ndege isiguse. Magurudumu yananasa, mkia unanyanyuka, inalala kifudifudi na rubani ndani. Siku ya mvua mwambieni atue Mwanza mjini, dawa isubiri.