Tenki la mafuta limenywea usiku, bosi anataka ripoti iseme ni uzembe wa opereta. Naombeni ushauri

FundiMtambo: Wakuu habari za jioni. Niko idara ya matengenezo kwenye kiwanda cha mafuta ya kula. Juzi usiku tenki letu la mawese limenywea. Ni la mita za ujazo 100, kipenyo mita 5. Halikupasuka wala kuvuja hata tone. Limebonyea ubavuni kama chupa ya maji uliyoinyonya kwa mdomo, na ngazi ya pembeni imepinda pamoja nalo.

Pampu ya kupakia lori iliwashwa saa 4:10. Saa 4:25 mlinzi wa getini akasikia mshindo, opereta akazima. Asubuhi tukiwa chini tuliona nailoni imefungwa kwenye kipumulio cha paani, yaani tundu la kupitishia hewa. Mafundi rangi waliifunga mchana ili rangi isiingie kwenye mafuta, wakaondoka bila kuitoa. Opereta ni kijana wa mkataba, ana miezi minne kazini. Nimeambiwa niandike kwamba hakukagua kabla ya kuwasha. Moyo unakataa. Nianzie wapi?

Mzee wa Stimu: Pole sana mwanangu, na tushukuru hakuna aliyeumia. Kabla ya ripoti, zuia watu. Asipande mtu kwenye hilo paa, maana bati likishakunjwa huwezi kujua litabeba nini. Na atakuja mjuaji kusema lipulizwe kwa kompresa lirudi. Mkatalie kabisa. Matenki ya namna hiyo hayakutengenezwa kubeba presha, mtaligeuza bomu.

Pili, msisafishe kitu. Nailoni, kamba iliyoifunga, daftari la shifti, vyote vipigwe picha vikiwa vilivyo, kisha vifungiwe. Nimeona ushahidi ukifagiliwa asubuhi na mtu wa usafi aliyekuwa anatimiza wajibu wake tu.

Jua_Kali82: Hilo tenki limechakaa mkuu. Nailoni haiwezi kukunja chuma. Pimeni unene wa bati.

Mhandisi wa Mchakato: Bati lipimwe, ndiyo, lakini nailoni inatosha kabisa. Kila lita ya mafuta inayotoka lazima lita ya hewa iingie. Isipoingia, hewa ya nje ndiyo inayokandamiza tenki. Matenki ya kawaida ya API 650, kiwango cha Kimarekani cha matenki ya chuma, hukadiriwa kuvumilia ombwe (presha ya ndani kuwa chini ya ya nje) la kilopaskali 0.25, sawa na maji ya kina cha sentimita mbili na nusu. Ukivuta soda kwa mrija hadi sentimita 25 umeshavuka hapo mara kumi, na ombwe hilo kwenye paa la mita 5 ni mzigo wa karibu tani 5.

Kinachonisumbua ni muda. Pampu yenu inatoa kiasi gani kwa saa, na tenki lilikuwa na mafuta kiasi gani?

FundiMtambo: Pampu ni mita za ujazo 40 kwa saa. Mafuta yalikuwa 80, nafasi ya hewa 20.

Mhandisi wa Mchakato: Basi nailoni siyo habari yote. Kama hewa ingezibwa kabisa, kutoa nusu mita ya ujazo tu kungefikisha ombwe la kilopaskali 2.5. Pampu yenu inatoa hiyo kwa sekunde 45. Tenki lingenywea saa 4:11, nanyi mmekaa robo saa. Kuna mahali hewa ilikuwa inapita, ila kwa shida. Nina maswali mawili. Kuna kipumulio cha pili? Na kati ya saa 4:10 na 4:25 kulibadilika nini? Mvua ilinyesha?

FundiMtambo: Mkuu, mvua ilianza kama saa 4:20, kubwa. Na vipumulio ni viwili. Kesho naomba kreni yenye kikapu nikione hicho cha pili bila kukanyaga paa.

Mama Usalama: Huku ukisubiri, mweleze bosi wako yaliyotokea Texas City, Marekani, Machi 23, 2005. Kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP mnara ulijazwa kupita kiasi, geji ikionyesha kimo kinashuka wakati kinapanda. Mafuta yakafumuka kupitia bomba la kutolea hewani, yakalipuka. Watu 15 walikufa, 180 wakajeruhiwa. Ripoti ya mwanzo ya kampuni iliwaelemea waendeshaji. Uchunguzi wa bodi ya serikali, CSB, ulipotoka 2007 ulipanda hadi kwenye bajeti zilizokatwa na vifaa vibovu ambavyo wakubwa walivijua. Wangeishia kwa waendeshaji, geji ile ingebaki mbovu.

FundiMtambo: Nimerudi. Nimekaribia kipumulio cha pili kwa kikapu. Neti ya kuzuia wadudu imejaa mafuta yaliyoganda, rangi ya samli, magumu kama nta. Nilipoyachokoa kwa bisibisi yalitoka kwa vipande. Kwenye ratiba yetu ya matengenezo neti haimo kabisa, na ratiba hiyo niliiandaa mimi.

Mhandisi wa Mchakato: Hapo panaeleweka. Tundu lililobaki liliitosheleza pampu kwa shida. Mvua ikapiga bati la moto. Hewa ya ndani, wakati huo kama mita za ujazo 30, ikishuka kutoka nyuzi 50 hadi 40 inapungua karibu lita elfu moja, na hizo nazo zilitaka kuingia kupitia tundu lilelile. Opereta aliye chini, usiku, angeona nini?

Mzee wa Stimu: Andika na hilo la ratiba, mwanangu. Usiliruke.

FundiMtambo: Nimeliandika ukurasa wa kwanza. Chini yake nimeweka pendekezo: kufunga kipumulio kuwe na kibali, na kitambaa chekundu kining'inie hadi kwenye swichi ya pampu. Kikao ni kesho saa 3 asubuhi. Kijana nimemwambia aje na daftari lake, tutakaa pamoja.