Mjadala: Pesa ya mafuriko ianze kupima mito au kuinua matuta?

Jirani wa Ruambwa:
Juzi kwenye baraza la maoni ya bajeti huku Budalang'i, magharibi mwa Kenya, mzee mmoja alisimama akasema pesa yote ya mafuriko iende kwenye matuta ya kuzuia mto, mambo ya kupima mto waachiwe wasomi. Alipigiwa makofi. Mimi sikupiga. Tuta la mto Nzoia lilipasuka 2003, likapasuka 2008, likapasuka tena 2020. Huwezi kujua tuta liwe refu kiasi gani kama hujui mto unaweza kuleta maji kiasi gani siku mbaya. Pesa haitoshi vyote viwili. Nyinyi mngeanza wapi?

Mwana wa Kano:
Tuta. Mto wetu wa Nyando ukifurika usiku haukuulizi namba. Nzoia imepimwa tangu wazazi wetu hawajazaliwa na bado kila masika mnahamia shuleni na mikeka. Hiyo kazi ya kwenda kusoma rula mtoni ni ya kutafutia watu posho.

Fundi wa Mito:
Ndugu, rula haisomi wingi wa maji, inasoma kimo tu. Wingi unaupata ukiwa darajani au kwenye mashua: unagawanya upana wa mto vipande vipande, kila kipande unapima kina, kisha unazamisha kifaa chenye vikombe vinavyozungushwa na mkondo, unahesabu mizunguko upate mwendo. Kina mara upana mara mwendo, unajumlisha vipande vyote. Ukirudia hivyo kiangazi na masika kwa miaka, unachora mstari wa kuunganisha kimo na wingi. Baada ya hapo ndipo rula peke yake inaanza kukuambia kitu.

Taabu ya Nyando ni udongo. Sakafu ya mto inapanda, kwa hiyo kimo cha mwaka huu si maji yale yale ya kimo hicho miaka kumi iliyopita. Na ile sehemu ya juu kabisa ya mstari, ya mafuriko yenyewe, mara nyingi ni ya kukisia, maana siku hiyo hakuna aliyeingiza kifaa mtoni. Halafu tuta linajengwa kwa kutegemea sehemu hiyo hiyo.

Binti wa Msoma Geji:
Mimi nimekwama kwa neno moja, posho. Baba yangu alisoma geji, hiyo rula ya mtoni, miaka 19. Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, Krismasi, msiba, malaria, alikuwa mtoni na daftari. Mara nyingine alikaa miezi bila malipo. Usiku mmoja maji yalimeza geji yote. Alirudi na tochi na kopo la rangi, akaweka alama kwenye nguzo ya daraja pale maji yalipofika, ili yakishuka apime urefu. Mama alikuwa ukingoni akimlilia atoke. Mwana wa Kano, wewe usiku wa mafuriko huwa uko wapi?

Mwana wa Kano:
Huwa niko juu ya paa na watoto, dada. Pole kwa baba, sikumlenga yeye. Lakini na wewe nijibu. Ile alama ilimsaidia nani usiku ule? Daftari lilienda wapi?

Binti wa Msoma Geji:
Lilichukuliwa mwisho wa mwezi.

Mwana wa Kano:
Basi.

Bodaboda wa Bumala:
Ndiyo maana wanaweka vile vifaa vya rada chini ya daraja, vinapima vyenyewe na kutuma kwa mtandao wa simu. Cha kwetu sola ilibebwa kabla ya mwaka kwisha. Betri pia.

Mlima Nandi:
Ilibebwa na vijana wenu, halafu mafuriko mtasema ni sisi wa juu tumekata miti. Nimechoka na hiyo lawama. Mvua hainyeshi kwa kupenda kwetu. Watu wa chini wamezoea unga wa msaada, ndiyo maana hawahami.

Mwana wa Kano:
Unga wa msaada? Mchele unaokula huko mlimani unatoka huku kwetu Ahero! Tunalima hapa kwa sababu mto umeleta rutuba miaka mingi, na rutuba hiyo ni udongo wenu mlioshindwa kuushika. Nihamie wapi, shambani kwako? Niandikie hatimiliki leo.

Bodaboda wa Bumala:
Huyo wa Nandi aombe radhi. Kuna watu humu wamezika.

Shangazi wa Port Victoria:
Wanangu, punguzeni. Nilikuwa msichana wakati wa mafuriko ya uhuru, sijui ni 1961 au 1962, mvua ilianza mwisho wa mwaka ikakataa kukoma. Wazee walituambia maji yale hayatarudi. 2020 ziwa Victoria likapita hata rekodi ya 1964. Ziwa likiwa juu, mto hauna pa kumwaga, unarudi nyuma mashambani hata kama kwetu haijanyesha. Sasa hapo wa mlimani mnamlaumu kwa lipi?

Fundi wa Mito:
Shangazi ni 1961, mwezi wa kumi hivi. Na umegusa jambo kubwa: ziwa likiinuka, geji ya karibu na mdomo wa mto inaonyesha kimo kikubwa na maji hayatembei. Ukisoma rula tu utadanganyika.

Na hili la wazee kusema halitarudi ndilo linaloua watu. Mkiambiwa ni mafuriko ya miaka 100, maana yake si kwamba mna miaka 99 ya kulala. Ni nafasi moja katika mia, kila mwaka. Mtu akijenga hapo akaishi miaka 30, nafasi ya kuyaona inazidi robo.

Mlima Nandi:
Kwa wafiwa, samahani. Kuhusu kuhama sijabadilisha. Robo ni nyingi kwa mtu mwenye watoto.

Mwana wa Kano:
Hatimiliki bado nasubiri.

Jirani wa Ruambwa:
Jamani, niliuliza pesa ianze wapi.

Binti wa Msoma Geji:
Ianze kwa mtu wa darajani. Alipwe kila mwezi, apewe simu yenye salio na namba za machifu wote wa chini. Nzoia inatoka milima ya Elgon na Cherangani, inapita Webuye na Mumias kabla ya kufika kwenu. Mtu wa Webuye akiona maji yamepanda, nyinyi bado mna muda wa kuwatoa wazee na ng'ombe. Baba hakuwa na namba ya mtu yeyote wa chini. Hakuna aliyempa.

Mwana wa Kano:
Na Nyando je? Kutoka milimani hadi kwetu ni karibu, hayo maji hayatupi muda huo.

Fundi wa Mito:
Kwenu simu itoke kwa anayepima mvua, siyo mto. Mlima Nandi, kwenu kuna shule yenye kipima mvua?

Mlima Nandi:
Ipo. Kesho nitauliza nani anakisoma.