Gumzo la ukoo: kilo mbili na kitu za Zuhura

Jumatatu, 19:42

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Mamdogo Asha upo? Nina swali la haraka

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Kulikoni

Zuhura: Jumanne iliyopita kliniki nilikuwa 63.4. Sasa hivi nimepanda mizani yetu ya nyumbani nimekuta 66.1!! Siku sita. Nimeshuka nikapanda tena, ileile

Idi: Hujambo tembo 😂

Zuhura: Kaka sitaki utani leo

Bibi: Sasa shida iko wapi? Wewe unakula kwa wawili. Sisi hatukupimwa na mizani, tulipimwa kwa macho, na watoto wakatoka wazima

Mamdogo Asha: Nipo, nilikuwa zamu. Shikamoo mama. Zuhura, kabla sijasema lolote nipige picha ya kadi yako, ukurasa wa uzito

Zuhura: 📷

Mamdogo Asha: Haya. Kabla ya mimba 58. Wiki ya 10, 57

Zuhura: Hapo nilikuwa natapika kila asubuhi

Mamdogo Asha: Nakumbuka, ulikuwa unanipigia ukilia. Kushuka kilo moja mwanzoni hakumtishi mtu. Wiki ya 16, 59.6. Ya 20, 61.6. Ya 24, 63.4. Urefu wako?

Zuhura: Sentimita 160

Mamdogo Asha: Chukua 1.6 mara 1.6, unapata 2.56. Kisha 58 gawanya kwa 2.56. Inakuja 22.7, ndiyo BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Kati ya 18.5 na 24.9 ndio uzito wa kawaida, na mwenye uzito huo anatarajiwa kuongeza kilo 11.5 mpaka 16 mimba nzima. Ni viwango vya Wamarekani vya 2009, sehemu nyingi wanavitumia. Miezi mitatu ya kwanza kidogo sana, nusu kilo hadi mbili. Baada ya hapo kama gramu 400 kwa wiki, juu kidogo au chini kidogo

Hamisi: Kwa hiyo 63.4 yuko sawa?

Mamdogo Asha: Tangu wiki ya 16 anapanda kama ngazi, hatua hazipishani sana. Nikiona kadi kama hiyo kazini napitisha naita anayefuata

Bibi: Asha, hizo kilo zote 16 za nini? Mtoto mwenyewe anazaliwa na tatu

Mamdogo Asha: Mama hilo ndilo swali zuri kuliko yote leo. Mtoto kilo tatu na kitu. Kondo la nyuma zaidi ya nusu kilo. Maji aliyomo mtoto, kama kilo moja. Mji wa mimba wenyewe unakua, kilo nyingine. Damu ya mama inaongezeka, hapo weka kilo moja na nusu. Matiti. Maji ya mwilini. Kinachobaki, kama kilo tatu hivi, ni mafuta ya akiba ya kunyonyeshea

Bibi: Kumbe ni mzigo wa haki

Mamdogo Asha: Wa haki kabisa. Ila kula kwa wawili hapana mama. Miezi mitatu ya kwanza haongezi chochote. Ya katikati kalori kama 340 kwa siku, ya mwisho kama 450. Hiyo ni kitafunwa kimoja cha maana, sahani ya pili hapana

Zuhura: Basi nipunguze kula kidogo?

Mamdogo Asha: Nani kasema upunguze?? Mjamzito hafungi chakula ili apungue, hata aliyeanza na uzito mkubwa. Anapangiwa aongeze kidogo, basi. Niambie umepimaje leo

Zuhura: Nimerudi kazini, nimekula, nikapanda

Mamdogo Asha: Na nguo?

Zuhura: Na nguo. Na simu mfukoni sasa hivi nimekumbuka 🙈

Mamdogo Asha: Mizani iko wapi?

Zuhura: Chumbani

Hamisi: Ahem. Niliihamisha mimi Jumamosi. Ilikuwa bafuni kwenye vigae, nikaiweka juu ya zulia ili asikanyage baridi

Idi: Shemeji umetaka kumuua dada yangu kwa huruma 😂😂

Mamdogo Asha: Hamisi mwanangu, zulia linabonyea, mizani inakosa mahali pa kusimama. Irudishe kwenye vigae. Zuhura, kesho ukiamka nenda haja kwanza, usile, vaa nguo nyepesi, panda, andika. Halafu usiiguse mpaka Jumanne ijayo asubuhi. Na usilinganishe ya nyumbani na ya kliniki, hizo ni mizani mbili na kila moja ina ulimi wake. Linganisha ya nyumbani na ya nyumbani

Zuhura: Sawa Mamdogo. Moyo umetulia

20:31

Neema: Pole wifi 😊 Mimi nimeacha hata kushtuka. Wiki hii peke yake kilo 2.1, nikasema mtoto sasa ndio ananenepa

Bibi: Mashallah

Mamdogo Asha: Neema, uko wiki ya ngapi?

Neema: 33 Mamdogo

Mamdogo Asha: Umepima mizani ileile? Sakafuni?

Neema: Ileile, asubuhi, kama ulivyonifundisha

Mamdogo Asha: Pete umevaa?

Neema: Niliivua juzi kwa sabuni, vidole vimejaa. Viatu navaa vya Idi. Si kawaida mwezi wa nane?

Mamdogo Asha: Miguu kuvimba jioni, sawa. Uso je ukiamka? Macho?

Neema: Uso umejaa kidogo. Idi ananiita mwezi

Mamdogo Asha: Kichwa?

Neema: Kinauma tangu jana, nilijua ni joto. Nikisimama ghafla naona kama vimulimuli

Mamdogo Asha: Idi. Acha unachofanya. Mpeleke hospitali sasa hivi

Idi: Sasa hivi sasa hivi?

Mamdogo Asha: Sasa hivi. Chukua kadi. Mlangoni useme: wiki ya 33, kichwa, vimulimuli, kilo mbili kwa wiki. Kwa uzito aliokuwa nao Neema kabla ya mimba tunategemea gramu 300 hivi kwa wiki. Hakuna mtoto anayenenepa kilo mbili ndani ya siku saba, hayo ni maji, na mara nyingi presha iko nyuma yake. Neema, hii siyo ya kusubiri kliniki ya Alhamisi. Nakupigia

Bibi: Asha unanitisha

Mamdogo Asha: Mama, leo acha nikutishe tu

Idi: Tumetoka

Hamisi: Nije niwachukue na gari?

Idi: Tumeshapata. Asante shemeji

22:58

Idi: Presha 152/98. Wamepima mkojo, una protini. Wanamlaza

Mamdogo Asha: Wamempa nini?

Idi: Dawa ya kushusha presha, na sindano wanasema ya kuzuia degedege. Mapigo ya mtoto nimeyasikia mwenyewe, yako vizuri

Mamdogo Asha: Hiyo ndiyo sindano yenyewe. Watampima damu pia. Mwambie maumivu yoyote chini ya mbavu upande wa kulia aseme papo hapo, asimwonee nesi haya

Bibi: Nimekaa kitini. Silali

Zuhura: Na mimi nilikuwa nalilia zulia 😭

Jumanne, 6:20

Zuhura: 63.9. Vigae, bila simu. Naona hata aibu kuituma

Mamdogo Asha: Tuma, ndiyo kazi yake. Andika na tarehe, hiyo ndiyo namba yako ya kwanza ya nyumbani. Idi, presha ya asubuhi?

Idi: 138/88. Kichwa kimepungua. Daktari anasema atakaa hapa siku kadhaa, wamwangalie yeye na mtoto kila siku, na huenda akajifungua kabla ya tarehe yake

Bibi: Mwambie nakuja

Idi: Nimemwambia. Kitu cha kwanza alichouliza ni pete yake

Neema: Iko kwenye kisahani cha sabuni bafuni. Idi usimwage maji bila kuangalia